Saratani ya kinywa kwa waliozaliwa na kinga dhaifu: lawama zote ni za virusi?

Mtu aliyezaliwa na kinga dhaifu akipata saratani ya kinywa, wa kwanza kushukiwa ni virusi vya papiloma (HPV), vinavyoleta chunjua na baadhi ya saratani. Shaka hiyo ina msingi. Seli T, aina ya seli nyeupe za damu, ndizo hasa zinazovifukuza virusi hivi mwilini; zikiwa chache au legevu, HPV huweka makazi. Wenye kasoro ya kurithi katika jeni za DOCK8 au GATA2 huota chunjua sugu, na baadhi yao hufikia kupata saratani zinazotokana na HPV.

Anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi ulioelezwa na daktari wa Uswisi Guido Fanconi mwaka 1927, inavuruga hesabu hiyo. Hapa kinga hudhoofika kwa sababu uboho unashindwa kutengeneza damu, lakini kiini cha ugonjwa ni seli kutoweza kurekebisha aina fulani ya uharibifu wa DNA. Hatari ya saratani ya kichwa na shingo huwa mara mamia ya ile ya watu wengine, na huwapata vijana wasiovuta sigara wala kunywa pombe.

Mwaka 2003 watafiti wa Marekani waliripoti kukuta HPV katika asilimia 84 ya vivimbe vya wagonjwa hao. Mwaka 2008 wenzao wa Uholanzi hawakuiona. Uchunguzi mpana wa jenomu (DNA yote ya seli) uliochapishwa 2022 ulikuta kromosomu zilizovunjikavunjika, huku virusi vikikosekana katika vivimbe vingi. Mimi naegemea upande wa wasioviona virusi. HPV kwa kawaida husababisha saratani kwenye tonsili na shina la ulimi kuliko kinywani penyewe, na kukutwa kwa virusi mahali hakuthibitishi kwamba ndivyo vilivyoanzisha uvimbe.

Je, chanjo ya HPV iachwe? Hata kidogo. Haina virusi hai, na inakinga saratani ya mlango wa kizazi pia. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye kinga dhaifu wapewe dozi tatu inapowezekana. (Asiyeweza kutengeneza kingamwili atafaidika kidogo, hilo lisifichwe.) Ninachohofia ni mzazi kuamini kwamba sindano imemaliza kazi. Mwenye Fanconi anahitaji kukaguliwa kinywa kila baada ya miezi sita kuanzia umri wa miaka 10 hivi, na doa jeupe au kidonda kisichopona kikatwe kipande kipimwe. Mwili wake hauvumilii tiba ya mionzi wala sisplatini, dawa ya saratani, kwa hiyo tegemeo kubwa ni upasuaji wa mapema.

Kupandikiza uboho nako huwachanganya wengi. Kwa mwenye kasoro ya DOCK8 hurejesha kinga, na chunjua zinaweza kupungua. Kwa mwenye Fanconi huponya damu tu. Ngozi laini ya kinywa hubaki na kasoro ileile ya kuzaliwa, na uboho mpya ukiushambulia mwili uliopokea, hatari ya saratani ya kinywa hupanda zaidi.