Nimeenda kusikiliza nyenje, nimesikiliza transfoma

Jamani mimi sina makuu, nilitaka tu nusu saa pale kwenye bustani ya mtaa nimsikilize nyenje, yule wa mitini anayepiga kelele jua likiwaka, siyo yule wa usiku anayejificha nyuma ya kabati. Nusu saa tu! Kumbe naomba mwezi.

Simu yangu nimezima. Ya jirani wa benchi je? Kaweka spika, mtaa mzima tunasikia, halafu anamwambia mwenzie "we sema tu, niko peke yangu hapa". Peke yako?? Na mimi ni nani, mti? Huku pikipiki, kule mashine ya kukata majani, kila nikitega sikio kuna mtu ana haraka zake.

Nikahamia pembeni chini ya mti mkubwa, hapo sasa nikasikia zzzzzzz, laini, haikatiki, nikafumba macho kabisa, dakika ishirini nzima nasifia maumbile, nikarekodi nikamtumia mama watoto. Akajibu neno moja. Transfoma. Nikaangalia juu, kweli, nguzo hii hapa na transfoma lake.

Kesho yake nikaenda na mwanangu, ana miaka tisa na masikio ya popo. Hatujakaa vizuri, "baba si huyo analia!" Wapi? "Huyo hapo!" Mtoto kaziba masikio na mimi bado nauliza wapi. Ndo nikakumbuka ukizeeka sauti nyembamba za juu ndo za kwanza kuhama, wala hazikuagi. Yani mdudu ambaye aina zingine zake zinafika desibeli 100 ukiwa karibu, mimi ananipita hivihivi, lakini mwenye nyumba akigonga mlango tarehe moja nasikia hata nikiwa usingizini.

Na si kwamba simwonei huruma. Anayelia pale ni dume, ana vingozi viwili ubavuni anavibonyeza na kuviachia haraka haraka, tumbo lake tupu kama ngoma, yote hiyo anaita mke. Kakaa miaka chini ya ardhi ananyonya mizizi, kuna wale wa Marekani wanakaa 13 na wengine 17, akitoka ana wiki chache tu za kutafuta mchumba na kufa. Mimi kwa wiki chache hata fundi bomba hajaja.

Basi nikasogea, nikasogea, mpaka pua inakaribia gome la mti, ndo nikaanza kumpata kwa mbaaali kama sufuria linataka kuchemka, na yeye akanyamaza. Nikirudi nyuma mtoto anasema "kaanza tena". Nikisogea, kimya. Sasa mbali simsikii, karibu ananyamaza, niambieni nisimame wapi?

Nikasema sitoki, nikaganda palepale uso juu mdomo wazi. Matone yakaanza. Mvua, na jua lote hili? Mwanangu kacheka mpaka kakaa chini, eti shuleni wamefundishwa, nyenje kutwa anakunywa maji ya mti, yakimzidi anayarusha nje. Kwa lugha nyingine nimekojolewa.

"Baba, umemsikia sasa?"

Nikajifuta kwa mkono wa shati. Nikamwambia nimemsikia sana, twende nyumbani.