Quarkus: tumesifu sekunde, tukasahau megabaiti

Mwambie mtu aliyezoea Spring Boot, fremuweki (kiunzi cha kujengea programu) maarufu ya Java, ajaribu mpinzani wake Quarkus, na jibu lake utalijua kabla hajalitoa: "Seva naiwasha leo, naizima siku ya kuweka toleo jipya. Hizo sekunde nne za kuwaka mnazoniokolea nizipeleke wapi?" Ana haki ya kuuliza. Sisi tunaoipenda Quarkus ndio tuliomzoesha kupima kwa sekunde.

Kampuni ya Red Hat iliitoa hadharani Machi 2019, na kwa miaka mingi mradi ulijinadi kwa namba moja: 0.016. Huduma ndogo ya REST (inayojibu maombi ya HTTP), ikishageuzwa na zana ya GraalVM kuwa programu isiyohitaji JVM, ile mashine pepe inayoendesha programu za Java, inawaka na kutoa jibu la kwanza ndani ya sekunde 0.016, wakati ile wanayoiita ya kawaida inachukua 4.3. Vipimo ni vyao wenyewe, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Lakini hata tukivikubali vyote, naona namba hiyo imewapoteza wageni wengi kuliko iliowavuta. Mgeni akiiona anakimbilia GraalVM siku ya kwanza, na huko ndiko kwenye ugumu wote. Ujenzi unameza gigabaiti kadhaa za RAM na dakika zako nyingi. Kisha GraalVM inataka kujua tangu mwanzo kila klasi (kipande cha msimbo wa Java) itakayotumika. Ile ambayo maktaba huitafuta kwa jina programu ikiwa tayari inakimbia inaweza kuachwa nje, mpaka uitaje mwenyewe kwa anotesheni (alama ya kwenye msimbo) ya @RegisterForReflection au njia nyingine. Majaribio yote yalipita kwenye JVM, halafu kontena, kile kifurushi kinachobeba programu na mahitaji yake, linakukatalia JSON, muundo wa kupitishia data. Mimi nilipojaribu mara ya kwanza, laptop yangu ya gigabaiti 8 ikiwa na kivinjari na IDE vyote wazi, iliganda mpaka kipanya kikagoma. Kosa langu: niliingilia mlango wa nyuma.

Mlango wa mbele ni huu. Unaandika `quarkus create app`, unaingia kwenye folda, unaandika `quarkus dev`. Huduma inawaka poti 8080. Unafungua faili ya GreetingResource, unaibadilisha salamu ya Kiingereza iwe "Shikamoo", unahifadhi faili, unarudi kwenye kivinjari na kurifreshi. "Shikamoo" hiyo hapo. Hukuzima kitu wala kuwasha kitu. Ongeza kiendelezi cha hifadhidata ya PostgreSQL bila kuandika anwani yake, na kama Docker, programu ya kuendesha makontena, inafanya kazi kwenye mashine yako, Quarkus inakuwashia PostgreSQL kwenye kontena, unaanza kazi. Yote haya yako kwenye JVM ile ile ya siku zote, GraalVM hata haijaguswa. Kwa anayeandika programu, anayebadilisha mistari na kuijaribu mara arobaini kwa siku, hapo ndipo kuokoa sekunde kuna maana.

Siri yenyewe si kubwa. Fremuweki ya Java ya mtindo wa zamani ikiwaka husoma mipangilio, hupekua klasi ikitafuta anotesheni, huunganisha vinavyotegemeana, kisha ndipo ipokee ombi la kwanza. Kazi hiyo hurudiwa kila inapowashwa, na matokeo yake ni yale yale. Quarkus huifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo siku ya kujenga. Ni kama mama ntilie aliyemenya vitunguu na kukata nyama usiku: asubuhi anainjika sufuria tu, na meza yake haijajaa maganda.

Maganda hayo ndiyo RAM. Ukurasa ule ule uliotoa 0.016 ulitoa pia namba nyingine ambayo watu huiruka: huduma ile ile, bila GraalVM, inakaa kwenye megabaiti 73, na ile ya kawaida 136. Piga hesabu ya huduma sita kwenye seva ya kukodi ya gigabaiti 1. Kwa njia ya kawaida ni 816, na mfumo wa uendeshaji haujapata pa kupumulia. Kwa Quarkus ni 438. Hapo ningeweza kunyamaza nikaonekana mshindi, ila kuna mstari wa chini yake. Huduma inayozungumza na hifadhidata, kwa vipimo hivyo hivyo, ni 145 dhidi ya 209. Akiba imeshuka kutoka karibu nusu hadi chini kidogo ya theluthi, na sita za aina hiyo ni megabaiti 870, kwa hiyo seva yetu ya gigabaiti 1 imetushinda hata tukiwa na Quarkus. Na niambie, umeandika huduma ngapi zisizo na hifadhidata? Ninachotetea mimi ni hiyo theluthi. Kwa anayelipia RAM kwa dola huku akiingiza shilingi, theluthi ni pesa.

Upande wa pili nao haukulala. Spring Boot 3, ya Novemba 2022, ilikuja na njia yake rasmi ya GraalVM. Java 21, ya Septemba 2023, ilimpa kila mtu nyuzi pepe (virtual threads, njia nyepesi ya kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja), Spring na Quarkus sawasawa. Na ukikwama saa sita usiku, swali lako la Spring kuna mtu alishaliuliza na akajibiwa. Hilo la mwisho ni zito, na sina jibu lake zaidi ya kusema kwamba anotesheni kama @Path na @Inject ni za Jakarta, viwango vya pamoja vya Java, si za Quarkus. Ukihamia fremuweki nyingine kama Helidon au Open Liberty kesho, unaondoka nazo.

Kwa hiyo yule aliyeniuliza azipeleke wapi sekunde nne, kama ana programu moja kubwa kwenye seva ya gigabaiti 16, abaki alipo. Megabaiti 64 hazifidii miezi ya kuandika upya. Lakini kama seva yake imejaa na bosi anataka huduma ya saba, aandike hiyo moja tu kwa Quarkus, aiache kwenye JVM, kisha afungue `docker stats` aisome safu ya kumbukumbu, yake kando ya zile sita.