Steringi wa Ujasusi Aachwe Azeeke

Tangu itangazwe, mapema mwaka 2025, kwamba Amazon MGM Studios ndiyo itakayokuwa na kauli ya mwisho juu ya filamu za James Bond, na miezi michache baadaye kwamba Denis Villeneuve ndiye atakayeongoza filamu ijayo, wapenzi wa sinema ninaokutana nao hapa Kampala wamekuwa wakibishana juu ya swali moja: mrithi wa Daniel Craig, aliyemcheza Bond hadi mwaka 2021, awe na umri gani? Wengi wanataka kijana, tena wanataka asipewe nafasi ya kuzeeka katika kazi hiyo. Akishavuka miaka arobaini atolewe, aletwe mwingine. Mimi ninakubaliana nao katika sehemu ya kwanza tu. Kijana na aajiriwe, lakini akishaajiriwa aachwe azeeke mbele ya macho yetu, na hadithi ikubali kwamba amezeeka. Filamu zilizonichosha zaidi katika mfululizo huu ni zile ambazo kila aliyezitengeneza aliiona miaka ya mwigizaji usoni mwake na hakuna aliyethubutu kuitaja.

Ian Fleming, aliyembuni jasusi huyu, hakuogopa kuitaja. Katika riwaya yake ya mwaka 1955, Moonraker, alieleza kwamba majasusi wa daraja la 00, wenye kibali cha kuua, huondolewa katika kazi hiyo wakifikisha miaka 45 na kupewa kazi ya ofisini, naye Bond anaijua vizuri hesabu yake: imembakia miaka minane. Sinema zikafanya kinyume kabisa. Roger Moore, aliyezaliwa Oktoba 1927, alionekana katika nafasi hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1973, akiwa tayari na miaka 45. Yaani alianza kazi kwa umri uleule ambao mtunzi alikuwa amepanga kuwa wa kuiacha. Aliendelea kwa filamu saba, na alipoaga mwaka 1985 katika A View to a Kill alikuwa na miaka 57. Hata Sean Connery, Bond wa kwanza wa sinema, ambaye watazamaji wengi humwona kuwa ndiye mkongwe, alizaliwa mwaka 1930 na hivyo ni mdogo kwa Moore kwa karibu miaka mitatu. Mwaka 1983 wawili hao walishindana katika majumba ya sinema, Moore akiwa na miaka 55 katika Octopussy, na Connery akiwa na miaka 53 katika Never Say Never Again, ambayo ilitengenezwa na watayarishaji wengine kabisa. Nina heshima kubwa kwa filamu ile ya Connery kwa sababu moja: ndani yake wakubwa wa Bond wanamwona amechakaa, wanampeleka kwenye kituo cha afya akasafishwe mwili, na mtazamaji anaelezwa waziwazi kwa nini.

Moore hakupewa heshima hiyo. Niliitazama filamu yake ya mwisho katika kibanda cha video, kwenye benchi la mbao, VJ akituelezea kwa Kiganda juu ya sauti za Kiingereza, na ninakumbuka vizuri sehemu ya Mnara wa Eiffel. Bond anapokimbia kwenye ngazi, kamera inamwona kwa mbali au kwa mgongo. Anaposimama, kamera inakuja karibu na kutuonyesha uso wa Moore, nywele zikiwa zimekaa sawasawa na pumzi zikiwa zimetulia. VJ aliona kile ambacho kila mmoja wetu alikiona, akaanza kumwita jjajja, yaani babu, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Ilinisikitisha wakati ule na inanisikitisha hadi leo, kwa sababu Moore alikuwa mwigizaji mwenye haiba ya kweli, na aibu ile haikumstahili. Waliostahili kulaumiwa ni walioandika hadithi ya kijana na kumvika mtu wa miaka 57. Mlinzi wa usiku wa umri huo hashindani mbio na mwizi. Anajua mapema mwizi atapitia wapi. Ujasusi ni kazi ya subira, ya kumbukumbu, ya kujuana na watu, na mtu aliyeifanya kwa miaka thelathini angekuwa wa kuogopwa kuliko kijana yeyote, kama wangemwandikia hivyo.

Kwamba jambo hili linawezekana tuliliona mwaka 2012 katika Skyfall, iliyoongozwa na Sam Mendes wakati mfululizo ukitimiza miaka 50. Craig alikuwa na miaka 44, umri mdogo kuliko ule ambao Moore alianza nao, lakini hadithi inamshughulikia kama mtu ambaye mwili umeanza kumgomea. Anarudi kazini akiwa na ndevu za siku nyingi, mkono unamtetemeka akilenga shabaha, anashindwa vipimo, na M, mkuu wake wa kazi, anamficha matokeo ili aendelee kumtumia. Baadaye adui ndiye anayemsomea ukweli huo. Sehemu ninayoipenda kuliko zote haina hata risasi moja. Bond ameketi kwenye benchi katika National Gallery mjini London, mbele ya mchoro wa Turner, mchoraji wa Kiingereza, wa mwaka 1839 unaoonyesha merikebu ya kivita iliyozeeka ikikokotwa kwenda kuvunjwa, na pembeni yake anakaa kijana mwenye miwani, Q mpya, yaani mtaalamu wa vifaa vya majasusi, ambaye anaanza kuzungumzia mchoro huo na namna wakati usivyomsubiri mtu. Bond anakasirika kidogo, kisha wanapimana kwa maneno. Kwa dakika chache tunaona kiburi, hofu na heshima kati ya vizazi viwili, vitu ambavyo sisi tuliolelewa kuamkia wakubwa tunavielewa upesi. Na wanaodai kwamba watazamaji hawataki kuona shujaa aliyechoka wakumbuke kwamba hii ndiyo filamu ya kwanza ya Bond kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.

Niseme hapa, kwa kuwa nilikulia Mbale, kwamba filamu ya kwanza ya Craig, Casino Royale ya mwaka 2006, ina sehemu ambayo maandishi kwenye skrini yanasema ni Mbale, Uganda. Ilipigwa Uingereza, na anayeijua Mbale anautafuta mlima wa Wanale bila kuuona. Watazamaji wa ng'ambo walipaamini mahali pale kwa sababu ya maandishi hayo, lakini uso wa mwigizaji unaokuzwa hadi kujaza ukuta mzima hauwezi kuandikiwa miaka isiyo yake.

Wanaotaka kijana wana hoja yenye nguvu, nayo ni ya hesabu. Connery alicheza filamu zake tano za mwanzo kati ya mwaka 1962 na 1967. Craig naye alicheza tano, lakini zilichukua miaka 15, kuanzia 2006 hadi 2021, kwa sababu ya matatizo ya fedha ya studio, maandalizi marefu, na mwishoni janga la korona lililoahirisha No Time to Die. Kwa mwendo huo, anayeanza akiwa na miaka 38, kama Craig, anamaliza akiwa na 53, na mwili unalipa: alipokuwa akipiga filamu hiyo ya mwisho nchini Jamaica mwaka 2019 aliumia kifundo cha mguu hadi akafanyiwa upasuaji. Kwa hiyo kuanza na mtu wa miaka thelathini hivi ni busara. Hata hivyo, filamu hiyohiyo inaonyesha faida ya kuuacha umri uonekane. Bond amestaafu, namba yake ya 007 amepewa mwanamke kijana, ana mtoto, na mwishowe anakufa. Sisi tuliokua tukiapa kwamba steringi hafi tulitoka tumenyamaza, lakini tuliamini kila hatua iliyomfikisha pale.

Jambo ambalo mjadala wa sasa unalisahau, na ambalo linaniudhi kuliko yote niliyoyataja, ni wanawake. Lois Maxwell, aliyecheza Moneypenny, katibu wa M, katika filamu 14 tangu mwaka 1962 hadi 1985, alizaliwa Februari 1927, mwaka uleule wa Moore, na walisoma pamoja chuo cha uigizaji mjini London. Walikuwa rika moja kabisa. Mmoja aliendelea kubusu wasichana, mwenzake akabaki nyuma ya meza akitabasamu, na walipoondoka wote wawili nafasi yake alipewa mwanamke wa miaka ishirini na kitu. Katika For Your Eyes Only ya mwaka 1981, Bond anamkataa msichana mchezaji wa barafu kwa kuwa ni mdogo mno, kisha filamu inaisha akiwa na Carole Bouquet, ambaye kwa umri halisi alimzidi mwigizaji wa yule msichana kwa mwaka mmoja na miezi michache tu, naye Moore akiwazidi wote wawili kwa miaka 30 hivi. Mwaka 2015, katika Spectre, alipatikana mwanamke aliyemzidi Craig umri, Monica Bellucci, mwigizaji mwenye uzito wa kubeba filamu nzima. Akapewa dakika chache, kisha hadithi ikahamia kwa Léa Seydoux, ambaye Craig anamzidi kwa miaka 17.

Villeneuve na wenzake wakimchagua kijana, sitalalamika. Ninachotaka ni kwamba miaka kumi ikipita, kijana huyo aonekane ameongeza miaka kumi, na mwanamke aliyeanza naye awe bado yupo kwenye skrini, akiwa na umri wake, akiwa na kazi ya kufanya katika hadithi hadi dakika ya mwisho.