Mapenzi ya Bure, Uchawi Usio na Masharti

Jina la riwaya yenyewe sitalitaja, maana ni kitabu cha kwanza cha mwandishi wake na bado ana safari. Ni fantasia ya mapenzi iliyoandikiwa barobaro, ya Kiingereza, na kwa muda wasichana wa mtaani kwetu hapa Langoni, Lamu, hawakuwa na lingine midomoni. Mpwa wangu aliisoma kwenye simu, akalia. Mimi niliichukua ile ya kusikiliza, kwa sababu nadarizi kofia. Ukishika sindano macho hayana nafasi ya kitabu, ila masikio yako huru.

Kisa ni hiki. Binti wa fundi taa, wa miaka 17, anagundua kwamba giza humtii. Anapelekwa kwenye kasri la mfalme kijana aliyelaaniwa, na laana inamtaka mfalme amuue. Hamuui, bila shaka. Wafalme wa vitabu hivi wana nywele nzuri mno kuweza kuua mtu wa maana. Sura ya tatu binti anakitazama kidevu cha mfalme. Sura ya tano wamependana. Zilizobaki tunawasubiri watambue tulichokwisha kujua.

Kilichoniudhi si mapenzi. Watu wa Lamu tunayapenda mapenzi, tena ya kuimbwa. Kilichoniudhi ni kwamba hayamgharimu mtu chochote. Mji wa riwaya ni bandari yenye vichochoro vyembamba, milango ya nakshi na harufu ya karafuu, yaani umefanana nasi kwa mbali, na humo wapenzi hukutana juu ya paa kila usiku bila hata paka kuwaona. Hebu jaribu hilo hapa! Nyumba zimeegemeana, na kabla ya adhana ya alfajiri shangazi yako aliyeko Shela, kijiji jirani, atakuwa na habari kamili, pamoja na rangi ya nguo uliyovaa. Mwandishi aliazima milango akaacha majirani. Angelijua wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili, ambamo wanawake walivuka kwenda kwa jamaa zao bila kushuka njiani, angepata sura nzima: nani anavuka, nani anasikiliza chini, nani anashikilia ufunguo. Hofu ya kuonekana ndiyo ingenifanya nisahau uzi mkononi.

Uchawi nao ni vivyo hivyo. Giza humtii binti huyu anapotaka, kwa kiasi anachotaka, na akichoka hulala kidogo tu. Sisi tumelelewa na Fumo Liyongo. Katika utendi alioutunga Muhammad Kijumwa wa hapa Lamu mwaka 1913, shujaa huyo hapenywi na silaha, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Sharti moja tu, dogo, na hadithi yote inalizunguka: anayepewa sindano hiyo ni mwanawe mwenyewe. Hata kule gerezani hatoki kwa muujiza. Mamaye anamletea tupa ndani ya mkate wa wishwa, yaani wa makapi ya nafaka, maana mizuri huliwa na walinzi, naye anakereza minyororo huku watu nje wakipiga ngoma za gungu na kuufunika mlio. Kila hatua ina mtu aliyeihangaikia. Binti wa fundi taa alipofungwa, kufuli iliyeyuka. Nilirudi nyuma kusikiliza tena, nikidhani nimeruka kitu.

Sasa sauti. Wasomaji ni wawili, mwanamke kwa sura za binti na mwanamume kwa sura za mfalme, na inaonekana hawakukaa chumba kimoja hata siku moja, kwa sababu jina la mji mkuu kila mmoja analitamka lake. Kwa muda mrefu nilidhani ni miji miwili. Bibi anapomwigiza mfalme anakoroma kama mwenye mafua. Bwana anapomwigiza binti ananong'ona kila neno, hata anapoagiza supu. Zaidi ya saa 13 za hayo.

Lakini lawama zote nisiwatupie wasomaji. Maandishi yenyewe hayakuandikwa kwa ajili ya sikio. Binti anashusha pumzi ambayo hakujua ameizuia, tena na tena, na jicho la mpwa wangu liliyapita hayo kama mtu anayepita kichochoroni kwao. Sikio halipiti. Sisi tendi tumezipokea kwa kusomewa: mizani minane, vina vitatu vinavyokubaliana, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti kwa ubeti mpaka tamati. Kurudia huko kuna kazi. Mtu akisoma vibaya, mzee aliye barazani anamsahihisha bila kuona karatasi. Waliozoea hivyo hawapewi pumzi ileile mara ishirini.

Kuna mtu mmoja nilimpenda: mpishi wa kasri, mama mwenye maneno machache, anayejua laana ilitoka wapi na anakataa kusema kwa sababu aliyeitoa ni dadake. Ana siri, ana deni, ana cha kupoteza. Anaonekana katika sura nne. Kama juzuu ya pili itakuwa yake nitainunua, ya karatasi, na mfalme anaweza kubaki na kidevu chake. Mpwa wangu anasema sina moyo. Nimemwambia anisomee yeye, kwa sauti, sura ya pale kufuli ilipoyeyuka, bila kucheka. Bado hajaweza.