Kuita methodi kwa jina: nani hasa anahitaji rifleksheni?

Chukulia mfumo ulioandikwa kwa lugha ya programu ya Java, wa kupokea dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma. Simu ya karani inatuma neno sajiliMzigo au kokotoaUshuru. Seva inaitafuta methodi (kipande cha programu kinachofanya kazi moja) yenye jina hilo kwa amri ya getMethod, kisha inaiita, yaani inaiendesha, kwa invoke. Hakuna msururu wa if wa kulinganisha jina mojamoja. Kazi mpya ikija, unaongeza methodi moja, basi. Hiyo ndiyo rifleksheni, programu kujichunguza yenyewe ikiwa kazini, na naelewa kwa nini vijana wetu wanaipenda.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Java inayo tangu toleo la 1.1 la mwaka 1997, na zana tunazozitegemea zimejengwa juu yake. JUnit ya zamani, zana ya kujaribia programu, ilitambua majaribio kwa methodi zilizoanza na neno test. Spring na Hibernate, zana za kujengea mifumo, zinahudumia klasi (mafungu ya methodi na data) ambazo walioziandika zana hizo hawajapata kuziona. Mwandishi wa zana kama hizo hawezi kujua majina ya methodi zangu. Ni lazima programu yake iulize.

Lakini mfumo wa mwalo ni wetu, na majina yote tunayajua. Hapo ndipo ninapoachana na watetezi hao. Mwenzako akibadili kokotoaUshuru ikawa hesabuUshuru, kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, haitasema neno. Utasikia alfajiri, mitumbwi imetia nanga, wachuuzi wamejipanga na ndoo zao, na seva inatoa kosa la NoSuchMethodException (hakuna methodi hiyo) kwa kila karani. Baya zaidi, jina linatoka nje. Kama klasi hiyohiyo ina methodi ya wazi iitwayo futaRekodi, yeyote anayeweza kutuma ujumbe anaweza kuiita.

Wengi huilaumu rifleksheni kwamba inapunguza kasi ya programu. Sioni kama hilo ndilo tatizo: JDK 18 ya mwaka 2022 iliisuka upya kwa kutumia MethodHandle, njia nyingine ya Java ya kuita methodi, na ujumbe wa simu kufika kwenye seva unakula muda mwingi kuliko invoke.

Mimi ningeweka Map moja, yaani jedwali la jozi: jina upande huu, rejeo la methodi (kielekezi cha methodi yenyewe) upande ule, jambo ambalo Java 8 ililirahisisha mwaka 2014. Ukibadili jina la methodi, kompaila inakukatalia papo hapo. Jina lisilo kwenye Map haliitiki. Ni kweli unaweza kusahau kuongeza mstari, na kosa hilo nalo litaonekana programu ikiwa kazini. Ila orodha nzima iko sehemu moja, na mgeni kwenye msimbo anaisoma kwa dakika chache.

Kuna hali moja ambayo ningeirudia rifleksheni: kila mwalo uwe na kanuni zake za ushuru, zimeandikwa na watu wengine. Hapo ningesoma jina la klasi kwenye faili la mipangilio, niunde obijekti ya klasi hiyo kwa rifleksheni mara moja tu mfumo unapowaka, niishike kupitia intafesi ya Ushuru (orodha ya methodi ambazo kila klasi ya ushuru lazima iwe nazo), na kuanzia hapo niite methodi zake kwa njia ya kawaida.