LinkedIn na ajira: faida iko kwa watu unaowajua kwa mbali

Wahitimu wengi hufungua akaunti ya LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, huomba urafiki kwa mamia ya watu, na baada ya miezi michache ya ukimya huamua kwamba ule ni uwanja wa kujionyesha. Wanaoutetea nao huzungumza kana kwamba asiye na akaunti hana ajira. Utafiti uliopo uko zaidi na watetezi, ila kwa sharti zito.

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alionyesha kwamba habari za kazi hutufikia mara nyingi kupitia watu tunaojuana nao kwa mbali. Ndugu na marafiki wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha matokeo ya majaribio ya miaka mitano ndani ya LinkedIn, yaliyogusa watumiaji milioni 20. Baadhi yao walipendekezewa watu wa karibu, wengine wa mbali. Waliosaidia zaidi kupata kazi walikuwa wa umbali wa kati: watu ambao wewe na wao mna takriban marafiki 10 wa pamoja. Kwa hiyo kuomba urafiki kwa kila mkurugenzi ni kupoteza muda. Aliyesoma chuo chako miaka mitatu kabla yako, au aliyefanya kazi na msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo, ana thamani kubwa zaidi.

Sharti lenyewe ni hili: faida hiyo ilionekana kwenye sekta za kidijitali, yaani zinazotegemea sana kompyuta na programu. Kwingineko, watu wa karibu ndio waliosaidia zaidi. Hapa wapinzani wana hoja ya kweli. Fundi umeme wa Kahama au mpishi wa hoteli ya Zanzibar huitwa kazini kwa simu ya mtu aliyewahi kufanya naye kazi, au kupitia kundi la WhatsApp. Nafasi za serikali Tanzania huombwa kwenye Ajira Portal na kufuatiwa na usaili. Huko LinkedIn haikuongezei alama.

Kwa mhasibu, mtaalamu wa takwimu, msanifu programu au afisa miradi, hata hivyo, juhudi inalipa ikifanywa vizuri. Kichwa cha wasifu, yaani mstari ulio chini ya jina lako, kinachukua hadi herufi 220, na waajiri hutafuta watu kwa maneno yaliyomo. "Natafuta kazi" haimwambii mtu chochote. "Mhasibu wa gharama, viwanda vya chakula, Excel na QuickBooks, Mwanza" inamwambia. Kisha chagua kampuni kama 15, utafute ndani ya kila moja mtu mwenye marafiki wa pamoja nawe, aliyekuzidi ngazi moja au mbili tu. Akaunti ya bure hukupa nafasi chache za kuambatanisha ujumbe kila mwezi, kwa hiyo usizitumie kwa salamu tupu. Uliza swali moja linalojibika kwa dakika mbili: "Habari za kazi. Nimeona ulitoka ukaguzi ukaingia bajeti. Je, cheti cha CPA kilihitajika, au uzoefu ulitosha?"

Wengi huharibu hapo hapo, kwa kutuma CV kwenye ujumbe wa kwanza. Anayeipokea hana nafasi ya kukupa, anaona aibu kukataa, basi ananyamaza. Maombi mengi ya urafiki yakipuuzwa, LinkedIn yenyewe inaweza kukuzuia kutuma mengine kwa muda. Uliyemuuliza swali akikujibu, rudi baada ya wiki kadhaa umweleze ulivyoutumia ushauri wake. Hatua hii inarukwa sana, na ndiyo humfanya akukumbuke nafasi ikitokea.

Hatari ipo pia, tena kubwa. Mwaka 2022 Wakenya na Waganda walioahidiwa kazi nzuri Thailand kupitia mitandao walijikuta Myanmar wakilazimishwa kuendesha utapeli. Mshahara mnono usiodai uzoefu, ada ya "usajili", au kuambiwa usafiri kwa viza ya utalii: moja tu kati ya hayo linatosha kukata mawasiliano. Kwa Kenya, hakiki wakala kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla ya kumtumia nakala ya pasipoti.