Breki ya Alizeti

Kuna watu wawili usiwaache karibu na baiskeli iliyofunguliwa: mtoto asiye na kazi, na fundi wa pikipiki mwenye maoni. Mimi nilikuwa nao wote, uani kwetu Ilboru, nyumba ya kupanga, Jumamosi mshahara ukiwa bado wa moto.

Foki yangu ya zamani, ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu, ilikuwa imekufa. Shokapu zikishuka hazipandi, na njia za huku kwenye mteremko wa Meru, mawe na mifereji ya mvua, zilikuwa zinaniishia kwenye viwiko. Nikapata foki ya mtumba, imetoka Ulaya, haivuji, shingo yake ndefu ya kutosha. Nikamuuliza muuzaji kama kalipa ya breki yangu, ile taya inayobana diski ya gurudumu, itakaa. Akaitazama foki, akanitazama mimi, akasema, "Kaka, hii inaingia tu." Gereji za Arusha zinaishi kwa maneno hayo matatu ya mwisho.

Sasa, kalipa kwa kawaida hufungwa kwenye foki kwa namna mbili. Foki za mtindo wa kale zina masikio mawili yenye matundu, bolti zinapita kwa ubavu, kutoka tundu hadi tundu milimita 51, na kalipa kama yangu lazima uiwekee adapta katikati. Za siku hizi zina vinguzo viwili vyenye nyuzi ndani, milimita 74, kalipa inakaa juu yake moja kwa moja. Ya kwangu ya zamani ilikuwa ya masikio, hii mpya ya vinguzo. Nikatoa adapta, nikaweka kalipa, bolti zikaingia bila ugomvi. Nikapiga mluzi. Fundi wa pikipiki, ambaye alikuja kuazima pampu akasahau kuondoka, akatikisa kichwa kwa heshima.

Tukarudisha gurudumu. Likagoma.

"Anko, inabonyea!" Mtoto wa jirani alikuwa kwenye usukani, anaminya mkono wa breki kwa raha zake zote, na inaelekea alikuwa ameanza kitambo. Breki ya haidroliki, ya kusukumwa na mafuta, haina utani. Ukiiminya bila diski katikati, pistoni zinatoka, pedi za kushika diski zinabusiana, na hapo huingizi diski wala karatasi. Tukazirudisha polepole kwa mpini wa kijiko, mtoto akisimamia kazi.

Gurudumu likaingia. Nikachungulia kwenye kalipa, na mluzi ukaisha mdomoni. Pedi zilikuwa zinagusa ukingo wa diski tu, sehemu kubwa imeshika hewa. Foki ile ilitengenezwa kwa diski ya kipenyo cha milimita 180, ya kwangu ni 160. Kalipa ilikuwa imekaa milimita 10 juu ya pale inapotakiwa. Na adapta zote duniani kazi yao ni kuipandisha kalipa. Ya kuishusha chini ya vinguzo hakuna.

"Hiyo ndogo," fundi akasema. "Tunavila hivi vinguzo kwa grenda, sentimita moja, dakika mbili."

Nikamwambia miguu ya chini ya foki nyingi za hivi ni aloi ya magnesi, ile ile tuliyoichoma maabara Form One, ikawaka mwanga mweupe mpaka mwalimu akatukataza kuitazama. Vumbi lake ukilirushia cheche za grenda unajitafutia makubwa.

"Kwani kemia ulipata ngapi?"

"D."

"Basi usinitishe."

Nikamrudishia pampu yake, ambayo kwa kweli ilikuwa yangu, ili aondoke.

Nikatafuta diski ya 180 na pedi mpya, na mshahara ukapoa hapo hapo. Diski inashikwa na bolti sita za kichwa cha nyota. Bisibisi yake nikaazima kwa fundi redio. Nikalegeza bolti mbili za kalipa, nikaminya breki ili ijipange yenyewe juu ya diski, nikazikaza huku nimeshikilia. Nikazungusha gurudumu. Likazunguka muda mrefu, kimya, halijagusa popote. Nililizungusha tena bila sababu yoyote.

Tatizo la pedi mpya ni kwamba lazima zizoeshwe. Unachanganya mwendo, unakamata breki bila kusimama kabisa, unaachia, unarudia, mpaka pedi na diski zishikane vizuri. Nikaifanya kazi hiyo Jumapili alfajiri, kukwepa bodaboda. Breki ikalia kama nguruwe aliyeona kisu. Mbwa wa mtaa mzima wakajibu. Mama mwenye nyumba akatoka na kanga mbili, moja kiunoni, moja kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho kitu kinalia nini?"

"Breki, mama. Inazoea."

"Inazoea, na sisi tutazoea lini?"

Nikaona busara niegeshe, nikaoge, ninywe chai. Niliporudi nilimkuta amesimama karibu na baiskeli, uso umetulia, anafuta vidole kwenye kanga. "Nenda salama mwanangu," akasema. "Haitakusumbua tena." Nikadhani ni maombi. Nikaitikia amina.

Anayeijua barabara ya kutoka Ilboru kushuka Sanawari anajua kwamba huhitaji kupiga pedeli. Unaachia tu, ardhi inakubeba. Foki mpya ilikuwa inakula mashimo yote, nikajisikia mtu. Kona ya kwanza nikaminya breki ya mbele. Mkono ulikuwa mgumu vizuri, mafuta ya ndani hayana hewa, kalipa imeshika. Baiskeli ikaendelea na safari zake. Nikaminya kwa vidole vyote. Kimya, hakuna hata mlio, na harufu fulani tamu ikanijia puani. Breki ya nyuma ni ya mpira, na siku zote imekuwa pale kwa ajili ya mapambo.

Watu wa Ilboru wana huruma. Kila niliyempita alinikumbusha: "Breki! Breki wewe!" Mama mmoja aliyekuwa anaelekea kanisani akanyanyua gitaa la mwanawe kuniachia njia. Mbele yangu kijana alikuwa anasukuma mkokoteni wa majani ya ng'ombe, umejaa hadi juu, na migomba iliyokatwakatwa. Kulia ukuta, kushoto mtaro. Nikachagua chakula cha ng'ombe.

Niliingia mpaka mabegani. Huko ndani ni baridi, na kuna maji ya mgomba yanayoingia sikioni. Nikasikia yule kijana akiniuliza, bila kupandisha sauti, "Bro, umeumia au nikudai sasa hivi?"

Nililipa majani na soda juu yake. Nikarudi nakokota. Njiani nikapitisha kidole kwenye diski: kinateleza, kinang'aa. Nikanusa.

"Mama, hapa uliweka nini?"

"Alizeti. Ilikuwa kavu tu, masikini, ndiyo maana inalia." Akaniona sura ilivyobadilika, akaongeza haraka, "Na siyo yale ya kupima dukani. Ni ya Singida, nimeletewa."

Utamgombeza vipi mtu aliyekumiminia mafuta yake mazuri? Nikashukuru. Diski nikaisafisha kwa spiriti, ikakubali. Pedi ndizo zenye kisa: zikishanyonya mafuta, kwa kawaida hazirudi, dawa ni kununua nyingine. Lakini mshahara unaofuata ulikuwa mbali, kwa hiyo nikazipiga msasa, kisha nikawasha jiko la mkaa na kuziweka juu ya wavu ili mafuta yaungue yatoke. Zikaanza kutoa povu dogo pembeni, na moshi. Ua mzima ukanukia chipsi.

Dirisha la mama mwenye nyumba likafunguka.

"Unakaanga nini huko, mwanangu?"

"Breki, mama."

Akafikiri kidogo. "Mafuta yametosha, au nikuongezee?"